Kwa nini wanamichezo wa Ufaransa bado wanampenda Laura Flessel

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari huko Machakos. Tangu Alexandra Ndolo alipoiwakilisha Kenya katika mchezo wa vitara, yaani kupambana kwa panga nyembamba, kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, wanafunzi wangu wamekuwa wakiniuliza maswali mengi kuhusu mchezo huu, nami imenibidi nijisomee. Katika kusoma nimekutana mara kwa mara na jina la Laura Flessel wa Ufaransa. Nimeshangaa kuona kwamba wanamichezo wa nchi yake, hata wale wa michezo ambayo haina uhusiano wowote na vitara, wanamtaja kwa upendo na heshima, ingawa aliacha kushindana zaidi ya miaka kumi iliyopita na wapo Wafaransa wenye medali nyingi kuliko yeye. Sababu ni nini? Na kama ningetaka kuwaonyesha wanafunzi wangu pambano lake moja, nichague lipi?

Jibu: Nakushukuru, Mwalimu, kwa swali ambalo jedwali la medali peke yake haliwezi kulijibu. Ni kweli kwamba wapo Wafaransa waliovuna zaidi katika mchezo huu. Roger Ducret na Philippe Cattiau, waliong'ara katika miaka ya 1920, kila mmoja ana medali nane za Olimpiki, na Christian d'Oriola, aliyetawala floreti, moja ya silaha tatu za mchezo huu, kuanzia 1948 hadi 1956, ana sita, nne kati yake zikiwa za dhahabu. Flessel ana tano: mbili za dhahabu, moja ya fedha na mbili za shaba. Alipostaafu mwaka 2012 hakukuwa na mwanamke Mfaransa mwenye medali nyingi zaidi za Olimpiki, na hilo si jambo dogo. Lakini rekodi huvunjwa au kufikiwa, na anayependwa kwa sababu ya rekodi husahaulika siku rekodi hiyo inapopata mwenyewe mwingine. Flessel hakusahaulika. Kwa maoni yangu sababu ni kwamba wanamichezo humheshimu mwenzao kwa ugumu wa kazi wanayomwona akiifanya, ugumu ambao wao wanaujua kwa miili yao wenyewe, na kazi ya Flessel ilikuwa ngumu kwa namna ambayo hata mtu asiyejua kanuni za vitara, mradi tu amewahi kushindana, aliitambua mara moja.

Nianze na kile alichokuwa akikifanya ulingoni, maana bila hicho mengine yote hayaeleweki. Mchezo wa vitara una silaha tatu, nazo ni floreti, saberi na epe. Katika floreti shabaha ni kiwiliwili tu, na katika saberi ni kuanzia kiunoni kwenda juu. Tena katika silaha hizo mbili mwamuzi huamua ni nani aliyeanza shambulizi, na wote wawili wakigusana kwa pamoja hapewi pointi zaidi ya mmoja. Epe, silaha ya Flessel, haina kanuni hiyo. Mwili mzima ni shabaha, kuanzia kinyago hadi kidole cha mguu, na anayegusa kwanza ndiye anayepata pointi; wakigusana ndani ya muda usiozidi takribani sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, wote wawili hupata. Kwenye ncha ya silaha kuna kitufe kidogo chenye springi, ambacho hakiwashi taa mpaka kisukumwe kwa nguvu inayozidi uzito wa gramu 750. Silaha yenyewe haizidi gramu 770, na ulingo una urefu wa mita 14 na upana usiozidi mita mbili, kwa hiyo hakuna mahali pa kukimbilia wala pembe ya kujificha. Ulingo huo hufunikwa kwa metali na kuunganishwa na mashine ya pointi ili ncha inapogonga sakafu taa isiwake, jambo ambalo, kama utakavyoona, lilikuwa na umuhimu wa pekee kwa mchezaji ninayemzungumzia.

Kwa kuwa mwili wote ni shabaha, wachezaji wengi wa epe hulenga kile kilicho karibu zaidi nao, yaani kiganja na mkono wa mpinzani. Hiyo ni busara. Mkono ulionyooshwa kwa usawa wa bega hufika mbali kuliko mkono ulioelekezwa chini, na anayelenga mkono wa mwenzake anaweza kufanya hivyo huku akibaki nyuma ya kikombe cha chuma kinachokinga vidole vyake. Flessel aliyajua hayo yote, lakini akajijengea jina kwa kulenga mguu. Alishuka ghafla, mkono ukiwa umenyooka, akachoma juu ya kiatu cha mpinzani, na kabla mpinzani hajatambua kilichotokea alikuwa amekwisha kurudi katika umbali wa usalama. Ndiyo maana Wafaransa walimpa jina la utani la Nyigu, jina ambalo limemfuata mpaka leo.

Nataka wanafunzi wako waelewe kwa nini shambulizi hilo ni la hatari, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha heshima anayopewa. Anayelenga mguu hulazimika kusogea karibu zaidi kuliko anayelenga mkono, na anaposhuka huacha wazi kinyago chake, bega lake na sehemu yote ya juu ya mkono wake. Mpinzani mwenye utulivu hahitaji kufanya mengi: anavuta mguu wa mbele nyuma kidogo, ananyoosha mkono, na mshambuliaji anajichoma mwenyewe kwenye ncha inayomsubiri. Makocha wengi huwakataza wanafunzi wao kujaribu jambo hilo mpaka wawe wamekomaa. Ili lifaulu, lazima mshambuliaji achague nukta ambayo uzito wa mpinzani uko juu ya mguu wa mbele, maana mguu uliobeba uzito hauwezi kuvutwa haraka. Na ili aipate nukta hiyo, lazima awe ametishia kiganja na bega mara kadhaa, mpaka mpinzani aanze kuinua mkono wake kujikinga na kusahau kilicho chini. Kwa maneno mengine, pointi ile ambayo mtazamaji aliiona kama umeme wa ghafla ilikuwa imeandaliwa kwa muda mrefu, kwa hatua ndogondogo za mbele na nyuma ambazo kwa macho ya kawaida hazina maana yoyote.

Faida yake haikuwa pointi hiyo moja tu. Mpinzani aliyechomwa mguuni mara moja hubaki na wasiwasi pambano zima. Mkono wake huanza kushuka, na unaposhuka kiganja hubaki wazi. Tatizo lililowakabili wapinzani wa Flessel kwa zaidi ya miaka kumi na tano ni kwamba walijua atakachokifanya, walikitazama katika mikanda ya video, walikifanyia mazoezi, na bado kiliwapata. Mchezaji wa judo anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa, kwa sababu naye amewahi kuangushwa kwa mbinu aliyoitarajia tangu asubuhi. Ndiyo maana sishangai kwamba sifa ya Flessel ilivuka mipaka ya mchezo wake: wapo mabingwa wengi ambao ufundi wao unahitaji mkalimani, lakini ujasiri wa kujiweka wazi ili kumfikia mpinzani mahali asipopakinga unasomeka katika kila mchezo.

Ipo pia sababu ya mahali. Laura Flessel alizaliwa tarehe 6 Novemba 1971 huko Pointe-à-Pitre, katika kisiwa cha Guadeloupe kwenye bahari ya Karibi, ambacho ni sehemu ya Ufaransa ingawa kiko karibu kilomita 6,700 kutoka Paris. Alikulia Petit-Bourg, akaanza kushika kitara akiwa mtoto mdogo wa shule ya msingi, na mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 18, alihamia bara ili kuingia katika kituo cha taifa cha michezo kiitwacho INSEP, kilichomo ndani ya msitu wa Vincennes upande wa mashariki wa Paris. Wageni wanaochunguza michezo ya Ufaransa mara nyingi hawakipi kituo hicho uzito unaostahili. Hapo wachezaji wa judo, wakimbiaji, waogeleaji, wanasarakasi, wapiga mieleka na wachezaji wa vitara hufanya mazoezi ndani ya uzio mmoja, hula katika bwalo moja na hutibiwa na madaktari walewale. Mtu akikaa katika mazingira kama hayo kwa miaka mingi, wenzake wa michezo mingine humjua kwa jinsi anavyoamka, anavyoumia na anavyoamkia watu baada ya kushindwa, wala si kwa jinsi anavyoonekana kwenye televisheni. Ukisikia bingwa wa riadha wa Ufaransa akimsifu mchezaji wa vitara, Mwalimu, usidhani kwamba anasema kwa adabu tu. Uwezekano ni mkubwa kwamba anamzungumzia jirani.

Kwa wanamichezo wanaotoka visiwani, na katika timu za Ufaransa ni wengi, Flessel alikuwa na maana zaidi ya hiyo. Aliondoka nyumbani akiwa kijana, akaingia katika mchezo ambao kwa karne nyingi ulikuwa wa mabwana wa Ulaya na maofisa wa jeshi, akawa bingwa wake. Ilitokea kwamba katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Mguadeloupe mwingine, Marie-José Pérec, ndiye aliyebeba bendera ya Ufaransa na kisha akashinda mbio za mita 200 na mita 400. Ufaransa ilirudi kutoka Atlanta na dhahabu 15, na nne kati ya hizo zilikuwa na jina la mwanamke wa Guadeloupe ndani yake: mbili za Pérec na mbili za Flessel, moja ya binafsi na moja ya timu. Miaka miwili baadaye Lilian Thuram, aliyezaliwa Pointe-à-Pitre miezi miwili tu baada ya Flessel, alikuwa katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia la soka, na mwaka huohuo wa 1998 Flessel akawa bingwa wa dunia wa epe, taji alilolitetea na kulishika tena mwaka 1999. Kizazi hicho kiliwafanya watoto wa visiwani waone kwamba safari ya kwenda Paris inaweza kuzaa matunda.

Atlanta yenyewe inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu Flessel hakushinda tu mashindano, alifungua ukurasa. Wanawake waliruhusiwa kushindana katika vitara kwenye Olimpiki tangu 1924, lakini kwa floreti peke yake. Epe ilionekana kuwa silaha nzito mno kwao, hoja ambayo leo ni vigumu hata kuieleza bila kuona haya. Mashindano ya dunia ya epe kwa wanawake yalianza mwaka 1989, Olimpiki ikafuata mwaka 1996, na saberi ikasubiri hadi 2004. Kwa hiyo Flessel, akiwa na umri wa miaka 24, ndiye mwanamke wa kwanza katika historia kuwa bingwa wa Olimpiki wa epe. Katika fainali alikutana na Mfaransa mwenzake, Valérie Barlois, akamshinda, na baadaye wote wawili pamoja na Sophie Moressée-Pichot wakatwaa dhahabu ya timu mbele ya Italia. Tangu siku hiyo mpaka Olimpiki ya Paris mwaka 2024 hakuna Mfaransa mwingine aliyewahi kushinda dhahabu ya binafsi katika silaha hiyo upande wa wanawake; Auriane Mallo-Breton aliikaribia Paris, akaikosa kwa pointi moja katika fainali dhidi ya Vivian Kong wa Hong Kong.

Wengi wangeweza kuishia hapo, na jina lao lingebaki katika vitabu. Flessel alikwenda Sydney mwaka 2000 akarudi na shaba. Mwaka 2001 akajifungua mtoto wa kike. Nakuomba uwaeleze wasichana unaowafundisha hali ilivyokuwa wakati huo: mwanamichezo wa kike aliyepata mtoto akikaribia umri wa miaka 30 alichukuliwa na wengi kuwa amekwisha kustaafu hata kama mwenyewe hajatamka neno. Flessel alirudi mazoezini, na mwaka 2004 mjini Athens alifika tena fainali ya Olimpiki, akashindwa na Timea Nagy wa Hungaria na kupata fedha, kisha akapata shaba pamoja na timu. Mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 35, akawa bingwa wa Ulaya. Nafikiri kurudi huko kuna uzito mkubwa kuliko dhahabu za Atlanta katika kueleza mapenzi ya wanamichezo wenzake, hasa wanawake, kwa sababu dhahabu inaonyesha uwezo wa mtu katika siku moja nzuri, ilhali kurudi kwenye kiwango cha fainali baada ya uzazi kunadai miezi mingi ya kuamini jambo ambalo mwili wenyewe bado haujalithibitisha.

Kisha kuna timu. Watu hudhani kwamba vitara ni mchezo wa mtu mmoja, lakini mashindano ya timu yana uzito uleule, na namna yanavyoendeshwa huwafunga wachezaji pamoja kwa njia ya kipekee. Kila timu ina watu watatu wanaopokezana, kila mmoja akikutana na kila mpinzani, jumla ya mizunguko tisa, na pointi zinaendelea kujumlishwa mpaka timu moja ifikie 45 au muda uishe. Unaingia ulingoni ukiwa umerithi deni au akiba ya mwenzako, na unaondoka ukimwachia mwingine. Nyota anayejali jina lake tu hugundulika haraka katika mfumo huo, kwa sababu anaweza kung'ang'ania pointi za kujionyesha wakati timu ilihitaji atulie na kulinda uongozi. Flessel alitwaa ubingwa wa dunia wa timu mwaka 1998, kisha 2005, 2007 na 2008, akiwa na wenzake waliobadilika kadiri miaka ilivyopita huku yeye akibaki. Mwaka 2008 mashindano ya timu ya epe kwa wanawake hayakuwamo katika ratiba ya Olimpiki ya Beijing, kwa kuwa siku hizo silaha zilipishana kwa zamu, na hivyo Ufaransa, mabingwa wa dunia, walikosa nafasi ambayo huenda ingemwongezea Flessel medali ya sita. Hilo lilikuwa nje ya uwezo wake kabisa, na kwa mtazamo wangu lilikuwa pigo kubwa kuliko watu wanavyolikumbuka.

Sitaki ubaki na picha ya mtu asiye na doa, kwa kuwa picha hiyo haingekuwa ya kweli na wala si ndiyo wanayoipenda wanamichezo. Mwaka 2002 Flessel alifungiwa miezi mitatu baada ya vipimo kuonyesha niketamidi, dawa ya kuchangamsha mwili iliyokuwamo katika vidonge vyenye glukosi. Adhabu ilikuwa fupi, aliitumikia akarudi. Naitaja kwa sababu wanamichezo wa kiwango cha juu wanaishi chini ya kanuni hizo kila siku na wanajua tofauti kati ya mpango wa udanganyifu na uzembe wa kutosoma kilichoandikwa kwenye kisanduku cha dawa. Wapo wanaosamehe na wapo wasiosamehe kabisa, na kwa Flessel wengi waliegemea upande wa kusamehe. Hata hivyo kanuni ni kanuni, na mwanamichezo anawajibika kwa kila kinachoingia mwilini mwake. Wanafunzi wako wanapaswa kulijua hilo pia.

Tarehe 27 Julai 2012, katika sherehe za ufunguzi wa Olimpiki ya London, Flessel alitembea mbele ya ujumbe wa Ufaransa akiwa ameshika bendera. Alikuwa na umri wa miaka 40, na hayo yalikuwa mashindano yake ya tano na ya mwisho ya Olimpiki. Alitolewa mapema na hakupata medali, na mwaka huo wachezaji wa vitara wa Ufaransa wote walirudi mikono mitupu, jambo lisilo la kawaida kwa mchezo ambao umeipa nchi hiyo medali nyingi za Olimpiki kuliko mchezo mwingine wowote. Lakini angalia ni akina nani waliokuwa wakitembea nyuma yake usiku ule: vijana ambao baadhi yao walikuwa bado wanajifunza kusoma aliposhinda Atlanta. Kubeba bendera ya Ufaransa ni kazi inayokabidhiwa mtu ambaye wengine wote wanaweza kumfuata bila kunung'unika. Kabla yake mchezo wa vitara ulikuwa umemtoa Jean-François Lamour, bingwa wa Olimpiki wa saberi mwaka 1984 na 1988, aliyebeba bendera mjini Barcelona mwaka 1992 na baadaye akawa waziri wa michezo kuanzia 2002 hadi 2007.

Flessel naye alipita njia hiyo. Tarehe 17 Mei 2017 aliteuliwa kuwa waziri wa michezo, na mwezi Septemba mwaka huohuo, katika kikao cha Lima nchini Peru, Paris ilikabidhiwa rasmi Olimpiki ya 2024. Sheria iliyoweka misingi ya maandalizi ya michezo hiyo ilipitishwa tarehe 26 Machi 2018 akiwa bado ofisini. Kwa uaminifu nitasema kwamba muda wake wa uwaziri haukuwa mrefu wala haukuwa rahisi. Aliondoka tarehe 4 Septemba 2018 akisema ni kwa sababu binafsi, huku magazeti ya Ufaransa yakiandika kuhusu masuala ya kodi ya kampuni iliyosimamia haki za picha yake. Nafasi yake ilichukuliwa na Roxana Maracineanu, mwogeleaji ambaye, kama yeye, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1998 na alipata medali Sydney. Sidhani kwamba uwaziri ulimwongezea Flessel mapenzi ya wanamichezo. Nafikiri pia kwamba haukuyapunguza sana, kwa sababu wao hawakuanza kumpenda kwa ajili ya cheo. Serikali humpima waziri kwa bajeti na sheria. Wenzake wa mazoezi walikuwa na kumbukumbu ya zamani zaidi.

Ushahidi wa hilo ulionekana tarehe 26 Julai 2024, usiku wa mvua kubwa mjini Paris, mwenge ulipokuwa ukielekea kwenye chungu cha moto katika bustani ya Tuileries. Kundi la wanamichezo wa zamani na wa sasa waliupokezana, wakiongezeka mmoja baada ya mwingine, na Flessel alikuwa miongoni mwao, pamoja na watu kama David Douillet wa judo, Clarisse Agbégnénou wa judo, Laure Manaudou wa kuogelea, na Charles Coste, bingwa wa baiskeli wa mwaka 1948 aliyekuwa na umri wa miaka 100. Waliokiwasha chungu hicho mwishoni walikuwa Teddy Riner na Marie-José Pérec, wote wawili wazaliwa wa Guadeloupe. Miaka sita ilikuwa imepita tangu Flessel aondoke wizarani, na kumi na miwili tangu aache ulingo.

Siku chache baada ya usiku huo, timu ya epe ya wanawake wa Ufaransa ilipata fedha, ikishindwa na Italia kwa 30 dhidi ya 29, na katika timu hiyo alikuwamo Coraline Vitalis kutoka Guadeloupe. Ukipitia orodha ya vikosi vya Ufaransa utaona mtiririko huo kwa muda mrefu: Sarah Daninthe aliyekuwa naye Athens, Ysaora Thibus wa floreti, Enzo Lefort aliyekulia Guadeloupe na kuwa bingwa wa dunia wa floreti mwaka 2019 na 2022, na timu ya wanaume ya epe iliyotwaa dhahabu Rio mwaka 2016, ambamo watatu kati ya wanne, ukimhesabu na wa akiba, yaani Yannick Borel, Daniel Jérent na Jean-Michel Lucenay, walitoka Guadeloupe na Martinique. Lingekuwa jambo la kupotosha kudai kwamba Flessel aliwatengeneza wote hao. Visiwa hivyo vilikuwa na vilabu na makocha wazuri kabla yake, na bila wao hata yeye asingekuwapo. Lakini wachezaji wanaokuja baada ya bingwa hukua wakiwa na sura ya kuilenga, na kila mmoja wao anapopata nafasi ya kuzungumza, jina la Flessel huendelea kutamkwa mbele ya wanamichezo wapya ambao hawakuwahi kumwona akishindana. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kudumu kwa heshima hii, zaidi ya matangazo yoyote.

Sasa nije kwenye ombi lako la mwisho. Ningekushauri uchague fainali ya Atlanta ya 1996 kati yake na Barlois. Sababu yangu si dhahabu. Ni kwamba walikuwa wenzi wa timu moja, kila mmoja akijua mbinu za mwenzake, kwa hiyo wanafunzi wataona tatizo nililolieleza hapo juu likiwa wazi kabisa: namna ya kumgusa mtu anayejua utakachokifanya. Waambie wasiangalie ncha za silaha katika mzunguko wa kwanza, kwa sababu ni za haraka mno kwa jicho ambalo halijazoea. Waangalie miguu. Waone jinsi umbali kati ya wachezaji unavyopungua na kuongezeka, na wajaribu kubashiri ni lini mguu wa mbele wa mmoja wao umebeba uzito. Baada ya dakika chache za zoezi hilo, rudisha mkanda nyuma waangalie mikono: waone unaposhuka na unapopanda, na kinachobaki wazi kila unapohama. Kisha, kwa kuwa wamependa mchezo huu kwa sababu ya Ndolo, waonyeshe fainali ya mashindano ya dunia ya Cairo ya mwaka 2022, alipokuwa bado akiichezea Ujerumani na kupata fedha nyuma ya Song Sera wa Korea Kusini. Ni silaha ileile na ulingo uleule wa mita 14. Waulize ni mara ngapi kila mmoja alithubutu kushuka chini ya usawa wa goti, na nini kilimpata kila alipofanya hivyo.